Siyo kila kinachokaza ni mshipa

Jioni moja nilikuwa kijiweni kwa muuza supu ya pweza, hatua chache kutoka Feri hapa Mtwara, walipoingia vijana watatu waliotoka moja kwa moja kwenye mechi ya ndondo. Mmoja anachechemea. "Mwalimu, mshipa umenikaza," akaniambia huku ameshika shavu la mguu. Mzee aliyekaa pembeni akadakia: afadhali wewe, shemeji yangu ana mshipa mwaka wa tatu huu na bado anaogopa kisu. Dada mmoja aliyekuwa anasubiri kufungiwa samaki akasema mama yake ndiyo kabisa, mishipa inamwaka moto miguuni usiku kucha, na hospitali wamemwambia ni sukari. Muuza supu akachota upawa, akamimina, akasema hayo yote dawa yake ni moja: supu hii inakaza mishipa, wenye ndoa zao wanajua. Kijiwe kizima kikacheka.

Watu wanne, neno moja, mambo manne. Kijana alikuwa anasema msuli. Mzee alikuwa anasema ngiri. Mama wa yule dada anasumbuliwa na neva. Na muuza supu alikuwa anasifia kitu ambacho, kama tutakavyoona huko mbele, hakifanyi kazi kwa kukaza hata kidogo.

Nimefundisha Baiolojia miaka mingi, lakini sikumsahihisha mtu maneno pale. Supu ilikuwa ya moto, na Kiswahili cha mtaani nacho kina haki yake. Tatizo linaanza pale neno hilo linapobebwa hadi zahanati. Ukisema "nina mshipa", mhudumu lazima akuulize maswali kumi kabla hajajua aanzie wapi, na asipokuuliza, unaweza kurudi nyumbani na dawa ya kuchua kwa tatizo lisilochulika. Basi tupange maneno kwanza.

Mshipa wa damu ni bomba. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni waya unaopeleka na kurudisha habari kati ya ubongo na mwili. Kano ni kamba nyeupe ngumu inayofunga nyama kwenye mfupa. Iliyo nene kuliko zote utaishika sasa hivi juu ya kisigino chako. Ngiri ni udhaifu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo ambapo utumbo hupenya na kuchungulia nje. Busha, ambalo sisi wa pwani ya kusini tunalijua kuliko tunavyopenda, ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, mara nyingi kwa sababu ya minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Yote haya mtaani ni "mshipa", na hakuna hata moja ambalo ni msuli.

Msuli ni nyama. (Ule msuli wa kujifunga kiunoni ukitoka kuoga tuuache kwenye kamba ya nguo.) Ni nyama yenye kipaji kimoja: inajivuta ikawa fupi, kisha inaachia. Kutembea, kupumua, kumeza, kuzaa, kukonyeza, damu kuzunguka, vyote ni nyama hiyo kujivuta na kuachia.

Ila nyama hiyo si ya aina moja. Ziko tatu, na huhitaji darubini kuanza kuzitofautisha. Chinja kuku wa kienyeji Jumapili uzitandaze kwenye sinia. Chukua paja lililoiva ulivute kwa vidole: linachanika kwa nyuzi ndefu, unaweza kuzihesabu. Hiyo ni misuli ya mifupa. Chukua moyo, ule mdogo unaogombewa na watoto: umeshikana, unarudi ukiubonyeza, nyuzi zake hazichomoki moja moja. Hiyo ni misuli ya moyo, na haipatikani mahali pengine mwilini. Kisha chukua firigisi, ambayo nyumba nyingi mtoto haigusi baba akiwepo: ngumu, laini juu, ukiuma inakatika kama mpira. Hiyo ni misuli laini, ileile iliyomo kwenye kuta za utumbo. Uwe umeiita firigisi ngumu maisha yako yote, jina lake la darasani ni laini, kwa sababu chini ya darubini haina mistari waliyonayo wenzake wawili.

Nyama inayokusikia

Misuli ya mifupa ndiyo watu wengi wanayoifikiria wakisikia neno msuli. Iko zaidi ya 600, na kwa mwanamume wa kawaida hufikia kama asilimia 40 ya uzito wake. Inaitwa pia misuli ya hiari, kwa kuwa ukiiambia inua, inainua.

Mtazame mcheza sindimba. Kiuno kinakwenda huku na huku kwa kasi hadi macho yanachoka kukifuata, na unaweza kuapa kwamba kuna kitu ndani kinakisukuma. Hakipo. Msuli hausukumi. Ni kama kamba ya tanga la ngalawa: unaweza kuvuta kwa kamba, huwezi kusukuma kwa kamba. Ndiyo maana misuli imepangwa kwa kupingana, mmoja wa kukunja mkono upande wa mbele na mwingine wa kuunyoosha upande wa nyuma. Hata unaposukuma gari lililokwama kwenye mchanga, ndani ya mkono wako kinachofanyika ni kuvuta tu.

Unavutaje? Weka mikono yako miwili mbele ya kifua, vidole vya huku vipachane kidogo na vya kule, kwenye ncha tu. Sasa visogeze vipishane mpaka mwisho. Hakuna kidole kilichofupika, lakini viganja vimekaribiana. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi za protini mbili, aktini na miosini, zilizopachana hivyo hivyo. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoshika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele, kama mtu anayevuta nanga mkono baada ya mkono. Maelezo haya yalitoka mwaka 1954, katika makala mbili zilizochapishwa pamoja na vikundi viwili tofauti, na kila kikundi kilikuwa na mtu anayeitwa Huxley. Andrew na Hugh, hawakuwa ndugu.

Watu wengi hawajui kwamba vichwa vile huhitaji nguvu ili viachie, si ili vivute tu. Akiba ya nguvu ikiisha, vinabaki vimenata. Ushahidi uko Feri kila asubuhi. Mnunuzi anayejua kazi yake humshika samaki kichwani, amlaze hewani, atazame mkia. Ukisimama kama ubao, huyo ni wa leo: amekufa, akiba imekwisha, vichwa vimenata kila mahali. Baadaye nyama huanza kuvunjika na mkia unaning'inia, na hapo bora ufungue mashavu uangalie wekundu kabla hujatoa hela. Maiti ya binadamu nayo hukakamaa kwa sababu hiyohiyo, saa chache baada ya kufa, kisha hulegea baada ya siku moja au mbili. Si roho inayokataa kuondoka.

Samaki anatufundisha na jambo jingine. Mpasue jodari, nyama yake ni nyekundu iliyokolea. Mpasue changu, ni nyeupe. Wengine husema jodari ana damu nyingi na kumwosha mpaka anakosa ladha. Wekundu ule ni protini iliyo ndani ya msuli wenyewe, mayoglobini, inayotunza oksijeni. Jodari anaogelea mchana na usiku bila kusimama, kwa hiyo anahitaji nyuzi za kustahimili, zinazotumia oksijeni taratibu. Changu yuko kwenye mwamba ametulia, akiona hatari anachomoka mara moja, na nyuzi za kuchomoka ni nyeupe: zina kasi, zinachoka mapema. Sisi tumechanganyiwa zote mbili ndani ya kila msuli. Mgongo unaokuweka wima kutwa umejaa zaidi zile za jodari.

Sasa yule kijana wa ndondo. Msuli wake ulikuwa unapokea amri ya kujivuta, tena na tena, kutoka kwa neva iliyochoka na kuchanganyikiwa, na hakuna anayeiambia iache. Watasema amekosa chumvi au maji. Jasho lina mchango wake, lakini mchezaji aliyekunywa maji ya kutosha naye hukazwa dakika ya 80, kwa sababu uchovu wa msuli wenyewe una nafasi kubwa. Njia ya haraka ni kuurefusha kwa upole: mguu unyooke, vidole vivutwe kuelekea kwenye goti, ushikilie hapo. Msuli unaporefushwa, neva zilizo kwenye kano yake hupeleka habari ya kutuliza.

Maumivu ya kesho yake ni jambo jingine kabisa. Vijana wa kunyanyua vyuma wanayaita "asidi", wakimaanisha asidi ya laktiki iliyojikusanya. Laktiki huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Haiwezi kukuuma keshokutwa. Kinachouma ni nyuzi zilizopata michubuko midogo midogo, na mwili unazitengeneza. Hutokea zaidi msuli unapofanya kazi huku unarefushwa, ndiyo sababu kuteremka huumiza kuliko kupanda. Atokaye Newala akashuka ukingo wa uwanda mpaka chini kwenye bonde la Ruvuma ataona ameshuka kwa raha, akiringa. Mapaja yatamlipa baada ya siku mbili.

Na nyama uzembe? Jina zuri, ila si nyama. Ni mafuta. Msuli ukiacha kutumika hupungua unene, na mtu akiendelea kula vilevile mafuta hujaa mahali pake, kwa hiyo inaonekana kama msuli umegeuka kuwa mafuta. Haugeuki, kama vile mbao haigeuki kuwa bati kwa kuwa umebadilisha paa.

Kuna nyama za kundi hili ambazo husahau kwamba ni za hiari. Kope inapocheza yenyewe, wengine husema mgeni yuko njiani, wengine wanasema utalia. Ni msuli mdogo unaozunguka jicho, unatekenywa na neva yake, mara nyingi kwa usingizi mchache au kahawa nyingi. Kwikwi ni kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, unapojivuta ghafla bila mpango. Kiwambo ni cha ajabu kidogo: unaweza kukiamuru, ushike pumzi upige mbizi, lakini ukikisahau kinajiendesha, la sivyo tusingelala.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hapa ni kwetu. Huko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Nyama yake ilioza kama miaka milioni 150 iliyopita. Wataalamu wanajuaje basi shingo ilibebwa na misuli gani? Wanasoma makovu. Pale msuli unaponing'inia kwenye mfupa huacha mkwaruzo, kinundu, ukingo. Wewe pia unavyo. Gusa nyuma ya sikio la kulia, kwenye kile kinundu kigumu, kisha geuza uso kushoto: utahisi kamba ya shingo inasimama kutoka hapo. Natamani siku moja mtu aandike pia juu ya misuli ya wale wapagazi.

Nyama isiyokusubiri

Moyo una ukubwa wa ngumi ya mwenyewe na uzito wa gramu 300 hivi. Unadunda kama mara 100,000 kwa siku. Niliposema darasani kwamba moyo ni msuli, kila mwaka alikuwepo mwanafunzi aliyebisha: moyo ni kiungo, kama ini. Ni kweli ni kiungo, na kiungo hicho kimejengwa kwa msuli karibu chote.

Chini ya darubini una mistari kama paja. Lakini seli zake ni fupi, zina matawi, na zimeungana ncha kwa ncha kupitia vijilango vinavyopitisha umeme. Fikiria jarife lililotandazwa: vuta jicho moja, wavu wote unasikia. Seli moja ikipata cheche, jirani anaipata, na jirani wa jirani, mpaka chumba kizima kinajivuta pamoja. Na cheche yenyewe haitoki kwenye ubongo. Inatoka kwenye kishada kidogo cha seli juu upande wa kulia wa moyo wenyewe; neva kazi yao ni kuuhimiza au kuupunguza mwendo. Aliyewahi kupasua samaki angali hai ameuona moyo uliokatwa ukiendelea kudunda kiganjani.

Je, moyo unaweza "kukaza mshipa", kama mguu wa mpira? Swali hili nimeulizwa sana tangu tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani Copenhagen katika mechi na Finland. Jibu ni hapana. Kila baada ya kujivuta, msuli wa moyo huziba masikio: haupokei amri mpya mpaka ukaribie kumaliza kuachia. Maumbile yameuwekea kufuli, kwa sababu moyo ukikaza na kubaki umekaza hata dakika chache, damu haisukumwi tena na mwenyewe hayupo.

Yanayoupata moyo ni mengine, na mawili huchanganywa sana. La kwanza ni bomba la damu linaloulisha kuziba, na sehemu ya msuli kuanza kufa kwa njaa ya oksijeni. Hilo ndilo shambulio la moyo. Mtu mara nyingi yuko macho, kifua kimebanwa kama kimekaliwa, maumivu yanaweza kwenda mkono au taya, jasho linamtoka. Wengine, hasa wanawake na wenye kisukari, huhisi kichefuchefu au pumzi kukata tu. La pili ni umeme kuvurugika, seli zikawa zinatetemeka kila moja kivyake badala ya kuvuta pamoja. Hapo moyo umesimama kufanya kazi, mtu anaanguka na kuzimia papo hapo. Hilo la pili ndilo lililompata Eriksen. Waliomwokoa walimkandamiza kifua na kumpiga shoti ya umeme. Baadaye akawekewa kifaa kidogo kifuani, na Februari 2022 akarudi kucheza.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakichuliwa kifua kwa mafuta ya nazi usiku kucha wakisubiri "mshipa uachie". Maumivu ya msuli wa kifua kwa kawaida unaweza kuyaonyesha kwa kidole, yanazidi ukibonyeza au ukigeuka. Maumivu ya kubanwa, yenye jasho, yasiyojali umegeukia wapi, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Paja likichanika hujitengeneza, lakini seli za moyo hazizaliwi upya kwa kiasi cha maana, na sehemu iliyokufa hubaki kovu lisilovuta.

Nyama inayofanya kazi umelala

Misuli laini haina umaarufu, na mimi naipenda kuliko zote. Seli zake zina umbo la ming'oko, nene katikati, nyembamba ncha mbili. Imepangwa kwenye kuta za kila kitu mwilini kilicho bomba au mfuko: koo la chakula, tumbo, utumbo, kibofu, kizazi, njia za hewa, mishipa ya damu. Haina haraka. Huvuta polepole, hushikilia kwa muda mrefu kwa nguvu kidogo, na haichoki kirahisi. Na haikuombi ruhusa.

Panda basi la alfajiri kutoka Mtwara kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, baada ya kumaliza chupa ya chai stendi. Ukifika njiani, ukuta wa kibofu, ambao ni msuli laini, umeshanyooka na unaanza kujivuta wenyewe kwa mawimbi. Mlango wa ndani nao ni laini, unamsikiliza bosi mwingine. Wewe umeachiwa mlango mmoja tu, wa nje, ambao ni msuli wa hiari. Kondakta anasema tutachimba dawa Nangurukuru. Kutoka hapo mpaka Nangurukuru ni vita kati ya nyama mbili ndani ya mtu mmoja, na kila wimbi likipita unapata nafuu kidogo kabla ya jingine. Mtoto mchanga bado hajaumiliki huo mlango wa nje. Kumfundisha poti ni kumkabidhi ufunguo.

Kumeza nako ni makabidhiano. Tonge la ugali unalisukuma kwa ulimi, nyama ya hiari. Likishavuka koo unapita mpaka: sehemu ya juu ya bomba bado ina misuli ya mistari, ya chini ni laini tupu, na kutoka hapo tonge si lako tena. Linakamuliwa kwenda mbele kama dawa ya meno, na lingefika tumboni hata kama ungekuwa umening'inia kichwa chini.

Kwenye pumu, misuli laini inayozunguka njia za hewa hubana, na dawa ya kuvuta huilegeza. Kwenye uzazi, msuli huu ndio unaofanya kazi kubwa kuliko zote atakazowahi kufanya binadamu. Kizazi kisicho na mimba hakifiki hata gramu 100. Mwisho wa mimba hukaribia kilo moja. Uchungu ni mawimbi yake, hayaitwi na mama wala hayazuiwi naye. Mkunga akisema "sukuma, mwanangu", anaziomba nyama za hiari za tumbo zije kusaidia. Mtoto akishatoka kazi haijaisha. Nyuzi za kizazi zimesukwa kuzunguka mishipa ya damu, zikijivuta zinaikamata kama fundo. Ndiyo sababu mama huchomwa sindano ya kukaza kizazi mara baada ya kujifungua, na ndiyo sababu akimnyonyesha mtoto siku za mwanzo huhisi tumbo linamsokota. Bibi zetu huliita chango na kulipikia uji wa pilipili manga. Uji ni mzuri, lakini damu ikitoka nyingi si chango tena.

Turudi kwenye upawa wa muuza supu. Nguvu za kiume watu huzifikiria kama za paja: kaza, piga mazoezi, kula kinachokaza. Sasa ndani ya uume hakuna msuli wa mifupa unaousimamisha, wala mfupa. Kuna nyama kama sifongo, na kuta za mishipa yake ni misuli laini ambayo kutwa nzima imejibana, imefunga mlango damu isijae. Ashiki ikija, neva hutoa gesi kidogo, oksidi ya nitriki, na ile misuli inalegea. Damu inaingia, sifongo linajaa. Kinachoonekana nje kama kukaza ni matokeo ya kulegea ndani. Hofu na wasiwasi hufanya kinyume, huibana zaidi, na ndiyo maana mwenye kujikaza kwa woga ndiye anayeshindwa.

Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haiongezi nguvu yoyote. Hurefusha kule kulegea. Ilianza kujaribiwa kama dawa ya maumivu ya kifua. Kwa kuwa hulegeza mishipa, anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiichanganya nazo presha inaweza kushuka hadi kuua, na hilo muuza duka la vipodozi hatakwambia. Kubwa zaidi: kisukari, presha na sigara huharibu kuta za mishipa, na mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huonyesha mapema. Mwanamume anayeona mambo yamebadilika anastahili kupimwa presha na sukari kabla ya kununua chochote kilichofungwa kwenye karatasi.

Pweza mwenyewe ni mnyama wa misuli mitupu, na nahisi sifa zake zilianzia hapo: kitu kinachosimama na kushika bila mfupa hata mmoja. Anapigwa mwambani kabla ya kupikwa kwa sababu nyuzi zake zimesukwa kila upande, kama za ulimi wako. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia na mmoja wa mwili mzima. Ni chakula kizuri, protini ya maana. Ila tumbo lako likimpokea humvunjavunja vipande vidogo visivyojua vilitoka mkononi, moyoni au kwa maharage.

Haya sikuyasema pale kijiweni. Nilimwambia tu kijana akalie benchi, anyooshe mguu, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, ahesabu mpaka thelathini. Alihesabu kwa sauti, wenzake wanamcheka. Alipofika ishirini na kitu uso ukafunguka. Akasimama, akakanyaga, akajaribu tena. Mguu umeachia. Akalichukua bakuli lake, akanywa lililobaki kwa mkupuo mmoja.

"Mmeona?" akasema muuza supu, akiutazama umati kwa zamu. "Nilisema mimi. Inakaza mishipa hii."

Nikaagiza bakuli la pili.